Barua ya Wazi kwa Meneja wa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi

Kwako Meneja,

MINTARAFU: MATUNDU YA KAMERA KWENYE UA WA UWANJA

Pokea salamu zetu, sisi tunaopenda kupiga picha jeti ndogo. Ombi letu ni moja: matundu manne kwenye ua, mawili upande wa Barabara ya Lang'ata na mawili upande wa kusini, pamoja na saa maalum za kuyatumia mbele ya walinzi wako.

Njia zote mbili za kurukia hapo Wilson hazifiki mita 1,600, na uwanja uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kupaa. Ndiyo maana jeti kubwa huenda JKIA, uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, na Wilson ikabaki na jeti ndogo za kina Cessna Citation. Ndege hizo zina urefu wa mita 15 hivi. Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili, jeti kama hiyo ikiwa mita 200 kutoka kwako hujaza picha barabara. Umbali si tatizo. Tatizo ni wavu wa ua.

Tundu la wavu wa kawaida lina sentimita 5, ilhali kioo cha mbele cha lenzi kubwa kina sentimita 7 au zaidi. Hata ukiibana lenzi kwenye wavu na kuifungua hadi f/5.6, waya huyeyuka usionekane lakini huacha ukungu. Jua likiupiga waya, mstari mweupe hukatiza ubavu wa ndege. Mara nyingine kamera hulenga waya wenyewe, na jeti ikapita ikiwa kivuli tu. Hapo ndipo mtu hushawishika kupanda ukuta au paa la gari, jambo ambalo walinzi wako wana haki ya kulikataa. Tundu la sentimita 12 kwa 12, kimo cha mita 1.5, lenye fremu ya chuma na kifuniko cha kufuli, linaondoa sababu ya kupanda. Ufunguo ubaki kwa mlinzi.

Kwa nini pande mbili? Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua la mchana hupita kaskazini mwa Nairobi, kwa hiyo aliye upande wa Lang'ata huwa na jua mgongoni. Kuanzia Oktoba linahamia kusini. Akibaki palepale, ndege inakuwa giza tupu mbele ya mwanga. Saa nazo zina maana yake. Jeti inayotua kwenye njia ya kurukia nambari 07 huelekeza pua mashariki, na kati ya saa moja na saa tatu asubuhi pua na madirisha ya rubani hung'aa vizuri. Jioni mwanga huangukia mkia. Kuanzia saa nne lami hupata joto na hewa juu yake huanza kucheza. Herufi za usajili hupindapinda, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Kwa hiyo hatuombi siku nzima. Saa hizo mbili za asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, zinatutosha.

Wageni tutawafundisha wenyewe. Anayetoka kupiga picha Caravan, ndege ndogo ya panga boi, kwa 1/200 ya sekunde ili panga boi lionekane likizunguka, akisahau kurudi 1/1000, jeti inamponyoka na 5Y, alama ya usajili wa Kenya, ya mkiani haisomeki. Asubuhi za Julai zenye mawingu mazito, jeti nyeupe iliyo angani hutoka kijivu; ongeza mwanga hatua moja. Ikiwa chini mbele ya miti, punguza, la sivyo rangi nyeupe inaungua na mstari wa mlango unapotea kabisa.

Masharti tunayoyakubali ni haya. Hakuna fleshi wala droni. Hakuna chakula uani, kwa kuwa mabaki huvuta mwewe na kunguru, na ndege-hai mmoja ndani ya injini ni hatari kwa watu wote waliomo. Vifuniko vya lenzi vikae mifukoni, visije vikapeperushwa hadi njiani. Abiria wanaopanda au kushuka hawapigwi picha, na picha hazitumwi mtandaoni kabla jeti haijaondoka. Hili la mwisho tunalitilia mkazo, maana mwenye jeti ana haki ya safari yake.

Tunataka haya yaandikwe na kubandikwa hapo uani. Mwaka 2001 wapenzi wa ndege 14, Waingereza na Waholanzi, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakidhaniwa majasusi. Walitiwa hatiani Aprili 2002, na rufaa ikawaachilia Novemba. Kule Manchester, Uingereza, uwanja umewatengea watu bustani yenye vilima vya kutazamia ndege kando ya njia ya kurukia, na kila mtu anajua asimame wapi.

Tunaomba majaribio ya miezi mitatu, Jumamosi tu, watu wasiozidi wanane kwa zamu, kila mmoja akiacha nambari ya kitambulisho langoni. Gharama ya fremu na kufuli tutachanga sisi. Fundi wako achague mahali, mradi pasiwe nyuma ya sehemu jeti zinapogeukia, kwa sababu upepo wa injini hurusha kokoto.

Wako,
Wapiga picha za ndege, Nairobi