Barua kwa mwanangu Mwanaidi, anayejifunza gari Malindi

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku Lamu sote wazima, alhamdulillahi, na mamako anakusalimu sana. Nakuandikia kwa sababu juzi simu ilikatika kabla sijakujibu, na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa maneno mawili. Ulisema gia zote umezizoea, gari halikuzimikii tena, lakini mwalimu bado anakukemea, na neno lake ni lile lile: "Angalia!" Ukaniuliza uangalie nini tena, ilhali macho hujayatoa barabarani.

Mwalimu wako ana haki, nawe pia huna kosa. Wewe ni mtoto wa kisiwa. Wenzako waliozaliwa Malindi walianza kuijua barabara wakiwa mgongoni mwa mama zao. Mtoto wa Maweni anajua, bila ya kufikiri, kwamba matatu ikianza kuvutia kushoto basi kuna mtu ameinua mkono mbele, na kwamba tuktuk haihitaji sababu ya kugeuka. Wewe umekulia Langoni, mahali ambapo punda mwenye shehena ya mawe anatangulizwa na sauti, "Similla! Similla!", nawe unapata muda wa kujibanza barazani, akapita, ukaendelea na safari yako. Hizi bodaboda zilizoingia siku hizi bado hazijatosha kukubadilisha. Macho yako yamefundishwa kutazama kilicho karibu, kwa kuwa Lamu kinachokuja huja polepole. Malindi mambo si hayo.

Babu yako alikuwa nahodha, na siku moja nilipokuwa mdogo aliniachia usukani nikakaza macho kwenye omo, pua ya chombo. Akanipiga kofi dogo la kisogo. Akaniambia maji yaliyo chini ya omo yameshapita, hayana kazi, tazama yale yenye rangi tofauti kule mbele. Barabarani ni vivyo hivyo, na ndivyo anavyotaka mwalimu wako.

Hesabu itakusaidia kunielewa. Ukienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo mjini kwa sheria ya Kenya, kila sekunde moja gari linakula karibu mita 14. Mtu mzima mwenye akili timamu huhitaji kama sekunde nzima toka jicho lione hadi mguu ufike kwenye breki. Kwa hiyo mita 14 zimekwenda na gari halijaanza hata kupunguza. Na usidhani ukiongeza mwendo mara mbili basi na umbali wa kusimama unaongezeka mara mbili. La. Ule wa breki unakuwa mara nne. Dereva anayetazama mita kumi mbele ya boneti haendeshi, anasubiri tu kugonga.

Nataka ufanye hivi. Jioni moja usiyo na somo, mwambie khalati yako akupeleke mkakae kwenye Lamu Road, hapo penye mabenki na maduka (hata jina la barabara ni la kwenu, huna udhuru). Kaa saa nzima ubashiri. Tuktuk ile itageuka au haigeuki? Usitazame indiketa, wengi wao taa hiyo ni pambo. Tazama gurudumu la mbele. Linaanza kulala upande kabla mwili wa tuktuk haujafuata. Mwenye bodaboda mtazame kichwa, kwani akitaka kukata kulia shingo hutangulia. Gari lililoegeshwa ukiona taa nyekundu za nyuma zimewaka, au kichwa cha mtu kwenye kiti cha dereva, lihesabu kuwa linaweza kutoka au mlango ukafunguliwa. Na lori likiwa limesimama, tazama chini yake, uvunguni. Miguu ya mtoto utaiona hapo kabla hujamwona mtoto mwenyewe.

Ukibashiri vibaya, cheka, endelea. Baada ya hapo, ukiwa kwenye gari na mwalimu, sema kwa sauti unayoyaona: "Mama yule ana mzigo kichwani, hajaniona. Mkokoteni mbele, nyuma yangu kuna Probox, sipiti bado." Utajiona kama mwendawazimu. Sema tu. Mwalimu akisikia ulichokiona atajua na kile usichokiona.

Sasa mtihani. Watu wamekutisha bure na ule ubao. Najua unaonekana mchezo wa watoto: mji mdogo umechorwa mezani, barabara, raundabauti, maegesho, na mtu mzima unapewa kigari cha kuchezea uambiwe toka hapa uende pale. Enzi zetu waliotahini walikuwa polisi, siku hizi ni NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, lakini ubao haujaenda popote. Na mimi nauunga mkono. Kwenye gari halisi mtahini hawezi kujua kama ulitazama kioo kwa kujua au shingo ilikuwa inakuwasha. Kwenye ubao inabidi useme. Wanaoanguka hapo, aghalabu, ni wale ambao mkono umesukuma kigari kabla mdomo haujasema kitu. Wewe shika kigari, tulia, kisha sema: natazama kioo, nawasha indiketa, natazama tena, ndipo nasogea. Kila mara, hata ukiona unarudia kama mtoto wa chuo anayesoma juzuu.

Raundabauti ndiyo inayokutatiza, ulisema, na sishangai, utaijulia wapi wewe? Jambo la kwanza: aliyeko ndani ana haki kuliko wewe unayetaka kuingia, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo atakuja kutoka kulia kwako. Hapo ndipo macho yaende. Ukitaka njia ya kwanza ya kushoto, kaa leni ya kushoto, indiketa ya kushoto tangu kabla ya kuingia. Ukienda moja kwa moja, ingia bila indiketa, ukishaipita njia iliyo kabla ya yako washa ya kushoto utoke. Ukienda kulia, kaa leni ya kulia, washa ya kulia, zunguka ukiwa karibu na kile kisiwa cha katikati, na ukishaipita njia iliyo kabla ya yako ibadili iwe ya kushoto, tazama kioo cha kushoto, toka. Hii ya mwisho ndiyo watu huisahau: wanatoka na indiketa ya kulia ingali inawaka, na anayesubiri kuingia anadhani bado wanazunguka.

Alama hazina shida. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la buluu linakuamuru. Pembetatu iliyopinduliwa ni kumpisha mwenzako, na ile ya pembe nane ni kusimama, magurudumu yote, hata kama barabara ni nyeupe hakuna nzi. Zisome usiku kidogo kidogo, zitaingia.

Ukipanda garini na mtahini, jua kwamba hatafuti ufundi. Hajaja kuona dereva wa Safari Rally. Anataka kujua kama atakaa kando yako bila ya kushika dashibodi. Funga mkanda kabla ya kuwasha injini, rekebisha kiti na vioo, hakikisha gia iko huru. Na usitazame kioo kwa kuzungusha mboni peke yake, sogeza na kichwa kidogo, akuone. Gari likizimika, si mwisho wa dunia: handbreki, gia huru, washa, tazama vioo, ondoka. Anayeanguka ni yule ambaye gari limemzimikia akapaparika na kuondoka bila ya kutazama nyuma.

Nimesikia wenzako wanakushawishi ufanyie otomatiki. Sikubali. Leseni ya gari la gia itakufaa kwa yote mawili, na gari la kazi utakalopewa Mpeketoni halitakuuliza unapenda lipi. Tatizo la Malindi ni kwamba ni tambarare, kuondoka mlimani utajifunzia wapi? Muombe mwalimu, siku mkienda mbali, akufikishe Kilifi darajani. Pande zote mbili kuna mteremko wa maana. Ukipanda, simama, vuta handbreki, inua klachi taratibu mpaka usikie injini imeshika na pua ya gari imeinuka kidogo, ongeza mafuta, ndipo uachie. Ukishuka, shuka na gia ndogo, acha injini ikuzuie. Breki ukizikalia mteremko mzima zinapata moto, na zikishapata moto, ukizikanyaga zinakuitikia kwa uvivu. Sisi wa malori tumelijua hilo tokea utanboi.

Kwa kuwa nimeyataja malori, hili halitoki kwenye kitabu cha shule. Ukiwa nyuma ya lori, tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake cha kando. Usipouona, naye hakuoni, hata ukipiga honi namna gani. Rudi nyuma. Baada ya Gede, kwenye ile sehemu inayopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, utawaona wanaoovateki lori huku wameling'ang'ania mkiani, wanachungulia kama mwizi ukutani. Ukikaa mbali unaona zaidi, na ukiona zaidi utagundua kwamba mara nyingi haifai kupita. Chagua kitu kando ya njia, mnazi au nguzo. Mkia wa lori ukikipita anza kuhesabu, "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukifika hapo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, ongeza maradufu. Na ile mvua ya kwanza baada ya jua la muda mrefu ndiyo mbaya kuliko zote, inachanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka, lami inakuwa na utelezi usiouona.

La mavazi namuachia khalati yako, ila la usalama ni langu. Buibui likiburura, pindo huingia chini ya kanyagio. Lipandishe kidogo ulikalie vizuri kabla ya kufunga mkanda. Ndara usivae kabisa, zinachomoka na kujisokota chini ya breki. Ninajua utasema raba hazipendezi na buibui. Haya.

Kuna jambo lingine, na hili nalisema kwa ukali. Mtu yeyote akikunong'oneza kuwa kuna pesa kidogo ya kumlainisha mtahini ili upite, mwambie huna, na kweli usiwe nayo. Si kwa sababu ya sheria tu. Ukifaulu kwa kununua, hujui kama unajua. Ukianguka kwa haki, utarudia, na ada ya kurudia nitaitoa mimi bila ya kunung'unika. Shangazi yako ameshaanza, eti msichana wa Lamu gari la nini, leo linamtoa jasho kesho litamtoa roho. Nimemwambia gari halijui nani msichana. Hakuridhika, lakini amenyamaza.

Ukipata leseni usikimbilie kuja huku ukiendesha mwenyewe. Kutoka Malindi hadi Mokowe siku hizi ni lami, si kama zamani tulipokuwa tunalala Minjila kwa matope, lakini lami imewapa watu ujinga mpya wa mwendo, na Mto Tana haujali lami. Mwisho wa 2023 maji yaliikata njia pale Gamba, abiria wakawa wanavushwa kwa mashua. Ukikuta maji yamepita juu ya barabara, simama. Usiangalie kwamba lori limepita. Maji ya magoti yanayokwenda mbio yanatosha kuliinua gari dogo, na chini hujui kama barabara ingalipo. Basi lililosombwa Mto Enziu, Mwingi, Desemba 2021, lilikuwa kubwa kuliko gari lolote utakaloendesha wewe, na maji watu walikuwa wakiyaona kwa macho yao.

Kwa hiyo mara ya kwanza njoo kwa basi, nitakupokea Mokowe, na tutaichukua Probox ya ami yako tuende mji mdogo wa Hindi, hapo jirani, na kurudi, wewe usukani, mimi kimya. Nitajitahidi kuwa kimya. Klachi yake ni nzito na inashika juu sana, usije ukadhani umesahau. Tairi za nyuma nimeshamwambia abadilishe.

Siku ya mtihani usisahau kitambulisho na ile leseni ya mwanafunzi, na kunywa chai kabla ya kutoka. Mamako amempa dereva wa basi la Jumatano mkate wa mofa na raba nyeusi, saizi yako ile ile. Vichukue stendi kabla ya Alhamisi, ule mkate haukai.

Wasalaam,
Babako