Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka huu tuangalie bolti

Wanachama wenzangu, mafundi wa chuma wa Kamukunji, Kariobangi Light na Industrial Area hapa Nairobi, wazee kwa vijana, nawasalimu nyote. Mambo ya pesa mweka hazina atasoma baada yangu, ada zimeingia vizuri na deni la mashine ya kutoboa limeisha, kwa hivyo hapo sitakaa. Nataka kukaa kwa jointi, pale boriti inaposhikana na nguzo kwa bolti, manake mwaka huu karibu kila semina tuliyofanya iliishia hapo na naona bado hatujalichukulia kwa uzito.

Kazi zimebadilika. Zamani ilikuwa mageti na madirisha, saa hii unaitwa kusimamisha godauni, mezanini (ile sakafu ya nusu ndani ya godauni), hata ghorofa ya fremu ya chuma, na mteja anauliza boriti ni saizi gani, bolti hakuna mtu anauliza, ati bolti ni bolti. Si kweli jamani. Ile 8.8 unaona kwa kichwa cha bolti ni gredi yake, 8 ya kwanza inasema inakatika kwa megapaskali 800 hivi (kipimo cha nguvu kwa eneo), na .8 inasema ikifika asilimia 80 ya hapo inaanza kuvutika isirudi. Ya 4.6 inabeba nusu, 400, na ukizishika mkononi zote mbili zinafanana kabisa. Isiyo na alama yoyote hujui ni gani, na hizo ndizo zinajaa kwa hadiwea zingine huku mjini.

Sasa moto. Gikomba tumeiona ikiungua mara ngapi, kwa hivyo hii si hadithi ya mbali. Kwa hesabu za Eurocode, zile kanuni za ujenzi za Ulaya, chuma cha boriti kikifika digrii 400 nguvu zake za kubeba bado ziko, ingawa kimeanza kulegea, 500 zinabaki asilimia 78, 600 zinabaki 47. Bolti kwa 400 tayari imeshuka hadi asilimia 77 hivi, kwa 500 ni 55, na kwa 600 inabaki 22 tu! Na ule moto wa kupimia majengo maabara, dakika 30 peke yake hewa imeshafika digrii 842. Bolti inashuka haraka manake nguvu zake zilitengenezwa kiwandani, ilichomwa, ikazimwa ghafla, ikapashwa tena, na moto wa jengo unaifungua ile kazi yote. Ndio maana bolti iliyotoka kwa godauni lililoungua isirudi saiti hata kama nati inapanda vizuri. Najua kuna watu nitawaudhi hapa, wanaziuza kwa kilo, lakini siwezi kunyamaza.

Ni kweli jointi huwa inapata moto polepole kuliko katikati ya boriti, chuma ni kingi pale. Lakini boriti nayo haitulii. Ya mita 6 ikifika digrii 600 inataka kurefuka sentimita 5 hivi, inasukuma nguzo, halafu inalegea na kuning'inia kama kamba ya nguo, na zima moto wakishamaliza kazi inapoa, inajikunja na kuvuta jointi kwa nguvu zote. Kule Cardington Uingereza, miaka ya 90, walichoma jengo la ghorofa nane la majaribio na pleti za mwisho wa boriti, zile zinazofungwa kwa nguzo kwa bolti, zilipasuka wakati wa kupoa, si wakati wa moto. Na lile jengo la 7 World Trade Center la New York, ghorofa 47, mwaka 2001, uchunguzi wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, ulisema boriti za sakafu zilirefuka kwa joto zikasukuma boriti kubwa ikatoka kwa kiti chake karibu na nguzo namba 79, na jengo zima likafuata. Jointi moja!

Tetemeko nalo msiseme ni la Japani na Marekani. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia ilitikiswa kwa kipimo cha 6.9, na Bonde la Ufa liko hapo tu nyuma ya Ngong. Northridge, California, 1994, jointi nyingi ambazo mabawa ya boriti (zile pande bapa za juu na chini) yalikuwa yamechomelewa kwa nguzo zilipasuka bila onyo, na baada ya hapo utafiti ukaongezeka hata kwa zile za bolti na pleti. Walichokubaliana mainjinia ni kwamba kitu fulani lazima kikunjike kwanza, boriti yenyewe au pleti, lakini bolti isiwe ya kwanza, manake ikikatika inakatika tu. Kwa hivyo ukiongeza unene wa pleti bila kuuliza, ukidhani unasaidia, unaweza kuwa umehamisha mzigo wote kwa bolti. Kwa bolti ya M20 (unene milimita 20) ya 8.8 na pleti ya S275, yaani chuma cha kawaida cha megapaskali 275, hesabu ya Eurocode ya kuacha jointi ijikunje inaishia pleti ya milimita 12 hivi. Mchoro ukisema 12, weka 12.

Na moto na tetemeko vikija pamoja, kutikisika kunaangusha kinga ya moto na kupasua mabomba ya maji, halafu moto unaikuta jointi uchi. San Francisco 1906 na Kobe 1995 moto ulifuata tetemeko.

Kwa saiti zetu nimeona mashimo yaliyochomwa na gesi badala ya kutobolewa, gredi mbili kwa pleti moja, na rangi ya kuvimba, ile inayofura kwa moto ikakinga chuma, imepakwa boriti yote ikaachwa jointi kwa sababu bolti zilikazwa baadaye na mpaka rangi hakuitwa tena. Kontrakta mmoja alitaka tuchomelee vichwa vya bolti za 8.8 ati zisifunguke, wanachama wetu wakakataa na wakapoteza kazi. Hao nawaheshimu sana, na kamati imewalipia ada ya mwaka ujao.

Kamati inaleta mambo mawili mpige kura: kila eneo linunue spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) ya pamoja kutoka kwa akiba, na mwanachama akifunga bolti isiyo na alama kwa jengo la watu asipewe barua ya chama. Semina ya rangi ya moto tutaifanyia Kariobangi kama mlivyoomba, mje na vipande vya jointi mlivyotengeneza wenyewe.