Tuwahi Mkunazini kabla ya msongamano

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wanaopanga kuzuru Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wafike asubuhi na mapema kabla makundi ya watalii hayajajaa. Vile vyumba vya chini ya ardhi vilivyo kwenye eneo hilo, ambavyo wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa humo, ni finyu, na dari zake zimeshuka hata mtu mzima huinama, kwa hiyo makundi mawili yakikutana humo hakuna anayesikia maelezo wala kupata utulivu unaostahili mahali pa mateso kama pale. Jumapili asubuhi tuwaachie waumini ibada yao. Nawasihi pia waongoza watalii wapokezane: wengine waanzie kanisani, ulipo msalaba uliochongwa kutokana na mti ambao, huko Zambia, chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, wengine kwenye maonyesho ya historia ya utumwa.

Msomaji wako,
Unguja