Barua ya wazi kwa Msajili Mkuu wa Mahakama: hukumu ni sheria, zichapishwe kama sheria

Mheshimiwa Msajili Mkuu,

Bunge likitunga sheria, hupewa namba, huchapishwa na kila mtu anaweza kuisoma. Mahakama ya juu ikitoa uamuzi unaozifunga mahakama zote zilizo chini yake, nao ni sheria, lakini mara nyingi hubaki kwenye jalada masijala. Sisi mawakili na wakutubi wa sheria tunaomba hukumu hizo zichapishwe bure na kwa utaratibu.

Katika nchi zinazofuata komoni loo, mfumo uliokulia Uingereza, Bunge si chimbuko pekee la sheria. Ni kweli kwamba sheria ya Bunge ikigongana na kanuni iliyowekwa na majaji, ya Bunge ndiyo hushinda. Ila sehemu kubwa ya sheria ya uzembe, mikataba na amana imejengwa na majaji, kesi baada ya kesi.

Mwaka 1932 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, iliamua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Bi Donoghue alidai kwamba chupa ya soda ya tangawizi aliyokunywa ilikuwa na konokono aliyeoza. Soda alinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na yeyote; na kioo cha chupa hakikuonyesha kilichomo. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji. Hapakuwa na kifungu chochote cha Bunge kilichosema hivyo.

Kinachofunga si kila neno la hukumu. Ni kiini chake, yaani kanuni iliyoubeba uamuzi, ikisomwa pamoja na mazingira ya kesi. Maneno mengine ya jaji hushawishi tu. Je, kiini cha kesi ya Donoghue kilikuwa vinywaji? Vyombo vilivyozibwa? Mwaka 1935 Privy Council, baraza la London lililosikiliza rufani za mwisho kutoka nchi za himaya ya Uingereza, ilisikiliza rufani kutoka Australia ya mtu aliyeugua ngozi kwa sababu ya mabaki ya kemikali kwenye nguo zake za ndani. Watengenezaji walijitetea kwamba nguo hazikuzibwa kama chupa, na kwamba angeweza kuzifua kwanza. Hoja zote mbili zilikataliwa: la msingi ni kwamba bidhaa ilimfikia ikiwa na kasoro ileile iliyotoka nayo kiwandani. Anayeisoma kesi ya 1932 peke yake anaijua nusu ya sheria, na muhtasari wa gazetini hauwezi kumpa nusu iliyobaki.

Kwa hiyo kila hukumu ipewe mwaka, kifupi cha mahakama na namba ya mfululizo, na aya zake zote zihesabiwe. Uingereza ilianza utaratibu huo mwaka 2001. Ipakiwe ikiwa maandishi, si picha ya karatasi, maana picha haitafutiki kwa neno wala kifungu. Jopo likigawanyika, ukurasa wa mwanzo uwataje walio wengi na anayepinga, la sivyo hoja ya mpinzani hunukuliwa kama sheria. Majina ya watoto yafichwe kabla ya kupakia.

Linalotusumbua zaidi ni hukumu zilizokwisha nguvu. Mwaka 1964 House of Lords iliamua kwamba kampuni ya Burmah Oil ilistahili fidia kwa mitambo iliyoharibiwa na jeshi la Uingereza wakati wa vita. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyoifuta haki hiyo, hata kwa yaliyokwisha kutokea. Hukumu bado inasomeka vizuri, na ndani yake hakuna dalili ya kilichofuata. Hukumu yoyote iliyotenguliwa au kupitwa na sheria ya Bunge iwekewe alama juu ya ukurasa wa kwanza, pamoja na kiungo cha uamuzi au sheria iliyoiondoa, na awepo ofisa mmoja anayewajibika kwa kazi hiyo.

Anzeni na mahakama ya juu kabisa, kwa hukumu zitakazotolewa kuanzia sasa. Namba itolewe siku ileile jaji anaposaini. Za zamani zifuate mwaka kwa mwaka kurudi nyuma.

Wako,
Mawakili na wakutubi wa sheria