Kwa dada nesi wa zamu ya usiku

Dada, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Mwanangu alikuwa akisubiri upasuaji wa kunyoosha mgongo uliopinda, na wewe ndiye uliyechora moyo wake nyuma ya bahasha ya eksirei, kwa kalamu iliyokuwa ikikatakata wino, ukanionyesha kwamba una chemba moja tu ya kusukuma damu. Damu ya kwenda kwenye mapafu inajiendea yenyewe, bila kusukumwa. "Sasa akilazwa kifudifudi saa kadhaa wanyooshe mgongo," ukasema, "kifua kikibanwa damu inarudi moyoni kwa shida. Na huyu anaweza kuvuja damu kuliko wenzake." Mimi nilikuwa nawazia vyuma na skrubu za mgongoni tu!

Ukaniandikia ya kuuliza: daktari wa usingizi ana uzoefu na mioyo ya namna hii? Dawa ya kuzuia damu kuganda isimamishwe lini? Kitanda cha wagonjwa mahututi kipo? Hukunitisha, wala hukunibembeleza. Ulisema pia kwamba mgongo ukiachwa uzidi kupinda utayabana mapafu, na moyo huo unayategemea mno.

Upasuaji uliahirishwa hadi eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, irudiwe. Baadaye akafanyiwa. Jana kalalamika suruali zote zimekuwa fupi. Asante sana, dada. Bahasha bado ninayo.