Kuhusu hiyo nyumba unayonunua huko Sakina, Arusha

Pasua, Moshi

Mpendwa Mama Glory,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ni baridi tu. Nimesoma ujumbe wako kwamba mmeshapatana bei na kwamba nyumba ina wapangaji tayari, kodi utaanza kula mwezi ujao. Hapo nikashtuka, nikaona nikuandikie leo leo.

Hii yangu ya vyumba sita niliinunua mwishoni mwa Aprili. Muuzaji aliniambia kodi za wote zinaisha mwezi huohuo, nikaamini. Mwezi wa tano nakwenda kukusanya, mzee wa chumba cha tatu akachomoa mfuko wa nailoni chini ya godoro. Risiti zimekunjwa mara nne, na ya juu kabisa imeandikwa kwa mkono wa muuzaji: kodi hadi Agosti. Wenzake wawili nao vivyo hivyo. Vyumba vitatu, miezi minne, 45,000 kila mwezi: 540,000 zilishaliwa kabla sijashika ufunguo.

Nilikasirika, mwenzangu, na hasira nikazipeleka kwa wasiohusika. Nilishanunua hadi kufuli niwafungie. Aliyenizuia ni mwenyekiti wa mtaa. Akasema hawa walimlipa aliyekuwa mwenye nyumba wakati ule, hawadaiwi. Ukinunua nyumba umeichukua na mikataba yake. Mpangaji anayegoma kweli hupewa notisi, na ikishindikana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa mlango au kuezua bati ni kujitafutia kesi.

Tukamwita muuzaji, tukakaa kwenye kibaraza cha nyumba, kila mpangaji na karatasi yake. Akatoa 300,000 palepale, zilizobaki tukaandikishana. Bado analipa kidogo kidogo.

Wa chumba cha tano hakuwa na karatasi. Alidai aliezeka jiko la uani kwa makubaliano akatwe kodi. Nilikwenda kuangalia: bati jipya kweli, misumari bado inang'aa. Nikamsamehe mwezi mmoja, na sijuti. Halafu kuna kodi ya jengo, ile 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU. Ni ya mwenye nyumba, lakini wanaonunua umeme ni wapangaji. Sasa nawapunguzia kwenye pango.

Kilichomaliza maneno ni barua moja, sahihi ya muuzaji na yangu, muhuri wa serikali ya mtaa, inayosema kodi inalipwa kwa nani na kwa namba ipi. Kabla ya hapo mdogo wake muuzaji alikuwa bado anagonga milango, na mtu akidaiwa na wawili hamlipi yeyote.

Basi kaa na wapangaji wa Sakina mmoja mmoja, muuzaji asiwepo. Andika nani kalipa hadi lini, hizo hela zitolewe kwenye bei. Jumamosi napanda Coaster ya asubuhi tuzunguke wote. Tafadhali, usisaini kabla sijafika.

Ni mimi,
Mama Doreen