Kaka, mama hajawa mkaidi

Leicester, Uingereza

Kaka, shikamoo.

Natumai hamjambo hapo Tanga. Sisi huku tunamshukuru Mungu, baridi imeshaanza na kazi wodini ni ile ile.

Ujumbe wako wa sauti nimeurudia mara nyingi. Unasema mkono wa mama umepata nguvu na anafika hadi kwa jirani, lakini amekuwa mkaidi, hasikii la mtu, na shangazi ameanza kusema haya si maradhi ya hospitali. Kaka, mama hajawa mkaidi, wala hakuna mkono wa mtu. Ana jeraha kichwani ambalo halionekani.

Mliambiwa presha ilipasua mshipa mdogo ndani ya ubongo, yaani kiharusi cha kuvuja damu. Ni kweli, ila hamkuelezwa kinachofuata. Damu iliyovuja haiondoki siku hiyo hiyo. Chembe zake nyekundu hupasuka polepole kwa siku na wiki, zikaacha himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na madini ya chuma katikati ya seli za ubongo, na chuma kilicho huru ni sumu kwa seli hizo. Seli za ulinzi za ubongo huamka kuja kusafisha. Bila hizo damu isingeondoka, lakini zikichachamaa hutoa kemikali zinazoumiza hata seli za jirani zilizo salama, mishipa ikaanza kuvujisha maji, ubongo ukavimba. Ndiyo maana mgonjwa kama mama anaweza kuzidiwa siku kadhaa baada ya kulazwa. Uvimbe ukishapungua, njia zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine zinakuwa zimeshaumia.

Hapo ndipo akili inapoyumba. Ule wali wa nazi uliomgombeza nao: nazi alikuna, mchele alichagua, maji alichemsha, halafu akasimama jikoni akimwangalia wifi. Hajasahau kupika. Anachoshindwa ni kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate, na mkimharakisha anapotea kabisa. Wagonjwa wangu huku wanafanya vivyo hivyo na kikombe cha chai.

Basi mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja. Zimeni televisheni mnapoongea naye. Msimuulize maswali ya kumpima mbele ya wageni, inamvunja moyo. Akinyamaza siku nzima au akilia bila sababu, mwelezeni daktari, maana sonona baada ya kiharusi ni ya kawaida na inatibika.

Dawa ya kuzima uharibifu huo wa chuma na seli za ulinzi zilizochachamaa ndani ya ubongo bado haijathibitishwa. Deferoksamini, inayonasa chuma, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi cha kuvuja damu, na matokeo ya 2019 hayakuonyesha faida iliyotarajiwa. Kwa hiyo akija mtu na chupa ya kusafisha ubongo, msitoe hata shilingi.

Kilicho mikononi mwetu ni presha. Ikipanda tena, mshipa mwingine unaweza kupasuka, na kila pigo jipya linakula akili iliyobaki. Madaktari wengi hulenga chini ya 130/80. Muulizeni daktari wake anataka ngapi. Dawa asiache hata akijisikia mzima. Aspirini na diklofenaki za dukani asimeze bila daktari kuruhusu. Na akibadilika ghafla, akisinzia sana, akitapika au kichwa kikimpasua, msisubiri kukuche, mpelekeni hospitali.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi kama zamani. Wengine hupata nafuu kwa miezi mingi, wengine hushuka. Ila akigombezwa hatapona.

Mpime presha asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari, kisha Ijumaa unipigie picha ukurasa unitumie. Hela ya dawa nimeshamtumia wifi. Na Jumapili nikipiga, nipe shangazi niongee naye mwenyewe.

Mdogo wako